Kisasi, kitanzi na haki ya wafiwa

Kila inapofika tarehe 10 Oktoba, siku ambayo dunia imeitenga kwa ajili ya kuipinga adhabu ya kifo, redio zetu hujaa mjadala uleule. Studioni hukaa wanasheria na wanaharakati, wakisema kwamba dola haina haki ya kuua kwa niaba ya wananchi. Kwenye simu huingia wananchi wenyewe, na wengi wao, tusifichane, ni watu wa dini, Waislamu kwa Wakristo, wakisema aliyeua naye auawe, mjadala uishe. Wale wa studioni huitwa waliberali, hawa wa kwenye simu huitwa wahafidhina. Nasi Waislamu tumezoea kupangwa katika fungu la pili bila ya kuulizwa, na wengi wetu tumekaa humo kwa raha, tukiamini kwamba anayekitetea kitanzi cha serikali anaitetea hukumu ya Mwenyezi Mungu. Leo tunataka kuliangalia jambo hilo kwa makini, kwa sababu linahusu nyumba zetu zaidi ya linavyohusu studio za redio.

Anayelijua Bonde la Kilombero hahitaji kuelezwa kwamba mauaji si habari ya mbali. Ardhi ambayo zamani ilikuwa ya wavuvi na wakulima wachache leo inagombewa na wengi: wenyeji wa Kindamba, Kipogoro, Kimbunga na Kibena, wafugaji waliohamia na makundi yao ya ng'ombe, mashamba ya miwa ya Kidatu, na wageni kutoka kila mkoa wanaofuata mpunga. Mwaka 2002 ardhioevu ya bonde hili iliingizwa katika Mkataba wa Ramsar, na mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuiondoa mifugo, operesheni ambayo machungu yake hayajasahaulika. Mkoa wetu wa Morogoro unakumbuka pia Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, ambako Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Ukiacha matukio hayo makubwa, yapo yale ya kila msimu: jaruba lililosogezwa hatua mbili, ng'ombe walioingia katika mpunga unaochanua, ulevi wa baada ya mavuno, wivu wa ndoa, tuhuma za uchawi. Panga hulimia, panga hufyekea, na siku moja panga hilohilo hukatia mtu.

Sasa tuangalie kinachofuata baada ya maziko. Mtuhumiwa hukamatwa. Kosa la mauaji halina dhamana, hivyo atakaa mahabusu, Kiberege au kwingineko, akisubiri upelelezi ukamilike na Mahakama Kuu ipange kikao cha kusikiliza shauri lake. Kusubiri huko huhesabiwa kwa miaka mara nyingi. Siku ya kesi ikifika, shauri huitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Jina la marehemu halimo katika kichwa cha shauri. Mjane wake huitwa kama shahidi wa Jamhuri, huulizwa maswali aliyopangiwa, kisha huambiwa ashuke kizimbani. Hakuna mahali anapoulizwa: wewe, uliyeachiwa watoto, unataka nini? Zamani wazee wa baraza walikuwa wakikaa pamoja na jaji na kutoa maoni yao, na walau kwa njia hiyo sauti ya jamii ilisikika chumbani mle. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, jambo hilo nalo si la lazima tena.

Jaji akiridhika kwamba mtu ameua kwa kukusudia, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa njia moja tu. Kifungu cha 197 kinasema atahukumiwa kifo. Mjamzito hahukumiwi kifo, atafungwa maisha. Aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18 naye ana utaratibu wake. Waliobaki wote, aliyekodiwa kuua kwa fedha na aliyemvizia jirani yake baada ya miaka kumi ya kudhulumiwa mpaka wa shamba, huwekwa katika mizani moja yenye jiwe moja.

Wazee wa pande zetu na wa Iringa wanaikumbuka habari ya Isimani, ng'ambo ya milima ya Udzungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, katika ugomvi uliotokea shambani wakati wa harakati za vijiji vya ujamaa. Kisha akaipakia maiti garini na kujipeleka mwenyewe polisi. Mahakama haikukubali utetezi wake, naye akanyongwa. Hadi leo, nusu karne baadaye, watu hawajaacha kubishana kama ile ilikuwa haki. Hatusemi kwamba mahakama ilikosea katika kuupima ushahidi. Tunasema kwamba sheria ilikwisha kuamua adhabu kabla jaji hajaisikia habari yenyewe.

Na kitanzi chenyewe kimetoka wapi? Hapa ndipo tunapowaomba wahafidhina wenzetu watulie kidogo. Kitanzi hakikuletwa na masheikh. Tarehe 15 Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Bushiri bin Salim huko Pangani, kwa sababu aliongoza mapambano ya watu wa pwani dhidi yao. Mwaka 1895 walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya huko Kilwa, na mwembe wa Kilwa Kivinje ukapewa jina la Mwembe Kinyonga. Mwaka 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Wakati huohuo Wapogoro na Wambunga wa bonde letu walipokuwa wakiishambulia boma ya Mahenge, walijua vyema adhabu itakayowafika wakishindwa. Waingereza walipokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza walileta sheria zao za jinai, zilizopitia India, na humo kitanzi kikapata kifungu na namba. Sheria tuliyonayo ni mrithi wa sheria hiyo. Mwislamu anayeitetea akidhani ni kisasi cha Qur'ani anautetea, bila kujua, mwembe waliotundikwa babu zake.

Ama waliberali nao wana hoja, na hoja zao si za kupuuzwa. Kubwa ni tatu: binadamu hukosea katika hukumu, na aliyenyongwa harudi, maskini ndiye anayefika kwenye kitanzi, kwa kuwa mwenye uwezo hupata wakili mzuri mapema, na adhabu hiyo haijathibitika kwamba inapunguza mauaji kuliko kifungo kirefu. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, akikaa Dodoma, alitamka kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mwezi Januari 1995 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo, lakini kwa namna ambayo inafaa kukumbukwa: ilikubali kwamba adhabu hiyo kwa asili yake ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu, kisha ikasema Ibara ya 30(2) ya Katiba inairuhusu kwa maslahi ya jamii. Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, nchini mwetu wenyewe, iliamua kwamba kumfunga jaji mikono kwa adhabu ya lazima kunavunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunavunja utu. Mwezi huohuo serikali yetu ilijiondoa katika tamko linalowaruhusu wananchi kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Jirani zetu wamekwenda mbele. Uganda iliiondoa adhabu ya lazima kwa uamuzi wa mahakama yake ya juu mwaka 2009, na ikasema aliyekaa miaka mitatu bila kunyongwa baada ya rufaa yake kumalizika ahesabiwe kuwa amefungwa maisha. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifanya hivyo kwa kosa la mauaji Desemba 2017. Rwanda iliifuta kabisa adhabu hiyo mwaka 2007, nchi ambayo kama kuna watu wangekuwa na sababu ya kudai damu kwa damu ni wao. Kwa upande mwingine Kongo ilitangaza mwaka 2024 kuirejesha baada ya miaka mingi ya kuisimamisha. Kwetu, tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman iliwasilisha ripoti yake kwa Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2023, na suala hili lilikuwa miongoni mwa iliyoyazungumza.

Hata hivyo, Tanzania haimnyongi mtu. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa. Rais Benjamin Mkapa, Rais Jakaya Kikwete, wote waliwabadilishia adhabu watu kadhaa. Septemba 2017, alipomwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, Rais John Magufuli, huyo ambaye jina lake liko kwenye daraja letu la Mto Kilombero, alisema asipelekewe orodha ya wanaosubiri kunyongwa, kwa kuwa anajua ugumu wa jambo hilo. Hakuwa mtu wa kusifiwa kwa uliberali. Lakini kalamu ilipofika mkononi mwake, mkono ulisita.

Basi tuna nchi ambayo majaji wake wanalazimishwa kutamka adhabu ambayo marais wake hawataki kuitekeleza. Mhafidhina anafurahi kwa kuwa adhabu imeandikwa, mliberali anafurahi kwa kuwa haitekelezwi. Wafiwa hawana cha kufurahia. Aliyewaulia baba yao hakuuawa, hakusamehewa, na hakuwalipa kitu.

Hapa ndipo tunaporejea katika dini yetu, si kwa kutafuta fimbo ya kumpigia yeyote, bali kuona kisasi ni nini hasa. Katika Suratul Baqara, aya ya 178, Mwenyezi Mungu ameamrisha kisasi kwa waliouawa, na katika aya hiyohiyo, kabla msomaji hajavuta pumzi, amezungumzia msamaha wa ndugu na malipo ya kutolewa kwa wema, akaliita jambo hilo takhfifu na rehema kutoka kwake. Aya inayofuata inataja uhai uliomo ndani ya kisasi, na wengi wetu tumeihifadhi hiyo peke yake. Katika Suratul Israa, aya ya 33, mamlaka yamepewa walii wa aliyeuawa, na papo hapo amekatazwa kupindukia mpaka. Katika Suratul Maida, aya ya 45, aliyesamehe ameahidiwa kufutiwa madhambi.

Mwenye mamlaka, kama tunavyoona, si Jamhuri. Ni jamaa za aliyeuawa. Kadhi huthibitisha kosa, mtawala husimamia utekelezaji, lakini kuamua kati ya mambo matatu, kisasi, dia, au msamaha usio na malipo, ni haki ya warithi. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, wamekwenda mbali zaidi: warithi wote sharti wakubaliane katika kisasi, na mmoja tu akisamehe, basi kisasi kimeanguka, wenziwe wamebakiwa na sehemu zao katika dia. Wakasema tena kwamba ikiwa miongoni mwa warithi yumo mtoto mdogo, muuaji atawekwa kifungoni mpaka mtoto huyo abaleghe aulizwe. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Mtoto wa miaka mitano wa Lumemo au Kibaoni, aliyeuliwa baba yake, anasubiriwa miaka kumi ili naye atoe neno lake. Ni mahakama gani ya leo, ya kiliberali au ya kihafidhina, inayompa mtoto huyo heshima ya namna hiyo?

Imepokewa kwa Anas bin Malik kwamba halikupelekwa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, shauri lolote lenye kisasi ila alielekeza kwenye msamaha. Alielekeza, hakulazimisha. Msamaha unaolazimishwa na mwingine hauna thamani, na huo ndio upungufu tunaouona kwa baadhi ya wanaharakati, wanaotaka kusamehe kwa niaba ya mtu ambaye hawajawahi kuketi msibani kwake.

Maswahaba nao walitofautiana. Baada ya kuuawa kwa Sayyidna Umar, mwanawe Ubaidullah alimuua Hurmuzan, Mwajemi aliyesilimu, kwa kumdhania kwamba alishiriki njama. Wanahistoria wanasimulia kwamba Sayyidna Ali aliona Ubaidullah auawe kwa kisasi, na wengine wakachelea: jana ameuawa Umar, leo auawe mwanawe? Sayyidna Uthman, ndiyo kwanza ameshika ukhalifa, alijihesabu kuwa walii wa Hurmuzan kwa kuwa hakuwa na jamaa pale, akasamehe na kulipa dia kwa mali yake mwenyewe. Hakuna aliyeitwa kafiri katika mjadala ule. Tunalitaja hili kwa sababu siku hizi mtu akisema neno moja la kuhoji kunyonga, huambiwa amenunuliwa na Wazungu.

Wako watakaosema: basi turejeshe dia, tumalize. Tuwaombe subira. Pakistan iliingiza kisasi na dia katika sheria zake kuanzia mwaka 1990, na yaliyotokea huko yana somo. Mwaka 2011 Mmarekani Raymond Davis, aliyekuwa akifanya kazi ya ujasusi, aliwaua watu wawili mjini Lahore. Ikalipwa dia ya zaidi ya dola milioni mbili, akapanda ndege akaondoka. Vilevile binti alipouliwa na kaka yake kwa kisingizio cha heshima ya ukoo, baba, ambaye ni mrithi wa binti na ni mzazi wa muuaji, alikuwa akisamehe, na shauri likafa. Ilibidi sheria irekebishwe mwaka 2016. Msamaha kama huo hautoki moyoni, ni njama ya nyumbani. Mtu asidhani kwamba Kilombero ni tofauti. Tajiri wa ng'ombe mia tano akimuua kibarua asiye na jamaa wa kumsemea, au mwenye mashine ya kukoboa akimuua mdeni wake, ni nani atakayehakikisha kwamba mjane ametia dole gumba kwa hiari yake? Imamu Malik alikwisha kuliona tatizo la karibu na hili: aliyeua kwa hila ili apore mali, kwake yeye, hasamehewi na warithi, kwa kuwa ameivamia jamii nzima. Pana nafasi ya warithi, na pana nafasi ya dola. Mwenye kuifuta moja kwa ajili ya nyingine hajaifahamu fiqhi.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya, na anayeyapinga ana haki ya kutuandikia. Adhabu ya lazima iondoke, jaji apewe uwezo wa kupima. Warithi wa aliyeuawa wasikilizwe rasmi kabla ya adhabu kutamkwa, si kama mashahidi wa Jamhuri bali kama wenye haki. Sulhu yao, ikithibitika mbele ya jaji kwamba haikununuliwa wala haikutishwa, iweze kuiondoa roho ya mtu kwenye hatari, pamoja na kifungo kitakachoilinda jamii. Ama adhabu ya kifo yenyewe, sisi hatusemi kwamba ni haramu, kwani hatuna uwezo wa kuharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Tunasema kwamba masharti aliyoyawekea hayajakamilika katika nchi yetu: upelelezi unaoaminika, ushahidi usio na shaka, uwakilishi wa maana kwa maskini, na warithi wenye kauli. Kanuni ya mafakihi kwamba adhabu huondolewa penye shaka haikuwekwa ili ipambe vitabu.

Tuna sababu nyingine ya kusema hivi. Wapo watu wanaouawa hapa nchini kila mwaka kwa kutuhumiwa tu, bila ya jaji wala wakili, nao ni wale wanaoangukia mikononi mwa wanaoitwa wananchi wenye hasira kali. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikiwataja kwa mamia. Tairi, petroli na jiwe. Kitanzi cha serikali kimelala, hiki cha mitaani hakijalala hata siku moja. Katika miaka ile ya mauaji ya watu wenye ualbino, hata Waziri Mkuu Mizengo Pinda, naye ni mwanasheria, alitamka Januari 2009 kwamba anayekutwa akifanya unyama huo auawe papo hapo, na baadaye akatoa machozi Bungeni alipokuwa akijieleza. Machozi yale tunayaelewa. Lakini kijana wa sokoni Ifakara aliyeitiwa mwizi wa pikipiki hakupata hata nafasi ya kutaja jina la mama yake, na miongoni mwa waliorusha mawe wamo waliotoka kuswali alasiri. Mhafidhina wa kweli, anayesema kwamba roho haitolewi ila kwa haki, angesimama katikati ya kundi lile na kuzuia. Tungependa kuwasikia makhatibu wetu wakilisema hili Ijumaa kwa sauti ileile wanayoitumia kuwasema waliberali.

Kuna mtu mmoja ambaye habari yake hutujia kila tunapoufikiria mjadala huu. Rais Bhuiyan, Mwislamu kutoka Bangladesh, alikuwa akifanya kazi katika duka la kituo cha mafuta huko Dallas, Texas. Siku chache baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Mmarekani Mark Stroman aliingia na bunduki kulipiza kisasi kwa yeyote aliyemdhania kuwa Mwarabu. Alimpiga Bhuiyan usoni, akampofua jicho moja. Wenzake wawili, Mpakistani na Mhindi, waliuawa na mtu huyohuyo. Miaka baadaye, akitoka katika ibada ya Hija, Bhuiyan alianza kumpigania Stroman asiuawe, akisema dini yake imemfundisha kusamehe. Alikwenda hadi mahakamani. Jimbo la Texas, lenye wahafidhina wanaoshika Biblia mkononi, lilimwambia kwa vitendo kwamba msamaha wake hauna nafasi katika sheria, na Julai 2011 Stroman aliuawa kwa sindano. Na asije mtu akadhani kwamba wahafidhina wote wa huko ni wamoja: Januari 2003 gavana wa Illinois, George Ryan, wa chama cha Republican, aliwafutia adhabu ya kifo wafungwa 167 kwa mara moja, baada ya kuona jinsi watu wasio na hatia walivyokuwa wakitolewa katika vyumba vya kusubiri kifo. Majina haya, mliberali na mhafidhina, ni mavazi ya kuazima. Hayatukai sawasawa mwilini.

Tumalizie na nyumba mbili ambazo hazitajwi redioni.

Ya kwanza ni ya mke wa aliyehukumiwa. Mumewe amehukumiwa kifo lakini hafi. Si mjane, hivyo hana eda ya kukaa wala mirathi ya kugawa. Hakuachwa, hivyo haolewi. Nafaka haipo. Kumtembelea mumewe ni safari ya mbali, nauli ya gunia la mpunga. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataja kifungo cha maisha, au cha miaka mitano na kuendelea, kuwa ushahidi mmojawapo wa ndoa kuvunjika, na inamruhusu mwenye kesi ya namna hiyo kwenda mahakamani bila kupitia kwanza baraza la usuluhishi. Haikumtaja aliyehukumiwa kufa, huenda kwa kuwa wakati ule ilidhaniwa kwamba aliyehukumiwa kufa atakufa. Lakini mahakama haifungwi na sababu zilizoorodheshwa peke yake. Kwa upande wa sharia, madhehebu ya Shafi yanamruhusu mke kudai faskhi kwa kukosa nafaka, na Imamu Malik anaruhusu kwa madhara ya kutengwa na mume. Dada anayetaka kubaki na mumewe kwa subira, ana malipo yake kwa Mola wake. Asiyeweza, asiitwe msaliti, bali apelekwe kwa kadhi wa BAKWATA wa wilaya aelekezwe, akiwa na cheti cha ndoa na nakala ya hukumu.

Ya pili ni nyumba ya aliyeuawa. Hii huwa na watu wengi siku tatu za mwanzo, kisha huwa na mama na watoto peke yao. Mafakihi, walipoeleza fungu la wenye madeni katika zaka, walimuingiza humo mtu anayebeba dia ili kuzima ugomvi kati ya jamaa mbili, na wa Shafi wakasema apewe hata akiwa tajiri. Kamati za misikiti ya bonde hili hukusanya zaka ya mpunga kila mavuno. Zikiliendea jambo hili, zishike mambo mawili. Sulhu ya familia haizuii kesi ya jinai, na mtu asithubutu kuitumia kumnyamazisha shahidi, kwani hilo ni kosa mbele ya sheria na ni dhuluma mbele ya Mwenyezi Mungu. Lakini katika shauri la kuua bila kukusudia, ambako jaji ana uhuru wa kupima adhabu, hati ya sulhu ya kweli inaweza kuwekwa mbele yake. Na mpunga huo upelekwe kwa mjane kwanza, kabla ya kikao chochote cha wazee, ili atakapoulizwa anataka nini, asijibu akiwa na njaa.